Kusikilizana ni kazi, na kuna wanaoifanya bure

Kuna hoja ya mwanaanthropolojia wa Sweden, Ulf Hannerz, ambayo nimegombana nayo tangu nikiwa asistanti wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, mji wa shaba wa kusini mashariki mwa Kongo. Mwaka 1990 aliandika kwamba mkosmopolitani wa kweli ni mtu anayemtafuta mgeni kwa hiari yake: anavutiwa na namna nyingine za kuishi, anajitahidi kuziingia, anafurahia tofauti. Mfanyakazi aliyehama kwao kutafuta mshahara hamo katika hesabu hiyo. Huyo, kwa Hannerz, anatamani mambo ya nyumbani kwake yaleyale, ila na kipato kikubwa zaidi, na wageni anaokutana nao ni sehemu ya gharama tu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilimfikiria baba. Baba alikuwa mtu wa reli. Hakuwahi kumtafuta mgeni yeyote kwa kuvutiwa naye. Lakini siku moja ya kazi ilimtaka aseme Kifaransa na mkuu wake, Kiswahili na wenzake wa karakana, Kibemba na watu waliokuja na mabehewa kutoka Zambia, na Lingala iwapo askari amemsimamisha njiani akirudi. Akifika nyumbani Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, alimsalimu jirani yetu mzee kwa Kiluba cha kuungaunga, kwa sababu mzee yule alikuwa mtu wa heshima na hakujisikia amesalimiwa mpaka asikie lugha ya kwao. Ungemuuliza baba kama yeye ni raia wa dunia, angekuuliza kama umekula.

Kwenye karatasi za kitivo utafiti wangu una maneno matatu mazito: ukosmopolitani, usemi na teknolojia. Mtaani nikiulizwa najibu kwamba nachunguza jinsi watu wasiofanana wanavyosikilizana, na simu inafanya nini katikati yao. Wengi huona ni kazi ya ajabu kulipwa kwayo. Wana haki, kwa maana wao wenyewe wanaifanya kila siku bila mshahara.

Anayetaka kuielewa Lubumbashi aanze na reli. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), ilifika hapa, na mwaka huohuo mji ukazaliwa kwa jina la Élisabethville. Kampuni ya migodi ya shaba, Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono kuliko ambayo eneo hili lingeweza kutoa. Ikaajiri watu kutoka Rhodesia, kisha Kasai na Lomami, kisha Rwanda na Burundi. Wagiriki wakafungua maduka, Waitaliano wakajenga, Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes wakafanya biashara na baadaye wakajenga sinagogi lililopo mpaka leo katikati ya mji. Wakoloni wa Kibelgiji wakaacha ukanda mtupu kati ya mji wao na mtaa wa Waafrika, wakisema ni kwa ajili ya afya. Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo chetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, alionyesha katika utafiti wake kwamba Wabelgiji walikipendelea kwa sehemu kwa sababu za siasa: walihofu Kiingereza na mambo yake yote yangepanda kaskazini pamoja na treni.

Kwa hiyo mchanganyiko wetu haukutokana na udadisi wa mtu. Ulipangwa ofisini na watu waliotaka shaba. Lakini kampuni iliweza kuwaleta watu tu, haikuweza kuwafanya wasikilizane. Hilo lilifanywa na wengine, na majina yao hayamo kwenye mafaili ya kampuni.

Baadhi yao waliandika wenyewe. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, maboi kama walivyoitwa, kilitoa historia ya mji huu iliyopigwa taipu, kwa Kiswahili cha hapa, chini ya jina la André Yav. Inasimulia wazungu na watumishi wao, kampuni na vita, kutoka jikoni na barazani. Fabian aliichapisha upya mwaka 1990 ikiwa na tafsiri, na kuna jambo katika kazi hiyo ambalo huwa nawapa wanafunzi kulitafakari. Maandishi yale yalikuwa magumu kusomeka kwa macho: maneno yameunganishwa, alama hazipo. Ilibidi mwenyeji wa huku, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti ndipo maana ijitokeze. Historia ya watu waliokuwa wakisikiliza nyumba za wengine usiku na mchana ilihitaji sikio ili isomeke. Jina la Kalundi Mango limo kwenye kitabu. Nitarudi kwenye jambo hilo la majina.

Boi alijua zaidi ya lugha. Alijua bwana akinyamaza namna hii maana yake nini, mgeni Mgiriki anapenda kahawa vipi, bibi akisema "si neno" ni neno kweli. Kisha alirudi mtaani kueleza dunia hiyo kwa watu wasioiona. Ukimwondoa huyu katika maana ya ukosmopolitani kwa sababu alilipwa, au kwa sababu hakupenda, umebakiza watalii na maprofesa. Nami ni profesa, sina chuki nao. Ila nimekaa katika mikutano ya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuzunguka viwanja vya ndege vitano bila kumsikiliza mtu yeyote.

Kuna utafiti mwingine ulionisaidia kufika hapo, wa mwanaanthropolojia James Ferguson, aliyekaa Kitwe, Zambia, katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, uchumi wa shaba ulipokuwa unaporomoka. Aliona wachimbaji waliojijengea mwenendo wa kimjini, nguo na maneno na namna ya kutembea, wakipata shida walipolazimika kurudi vijijini, kwa sababu ndugu zao waliuona mwenendo ule kama kuwakana. Kwetu mambo yalifanana, ila yaligeuka mabaya zaidi. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, na nchi yenyewe ikaporomoka pamoja nao, hesabu ikashuka miaka michache baadaye hadi chini ya tani 50,000. Mshahara ulipokwisha, swali la nani ni mgeni likaamka. Mwaka 1992 na 1993, baada ya Étienne Tshisekedi, mtu wa asili ya Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano wa Kitaifa, wanasiasa wa Katanga, mkoa wetu, waliwachochea vijana dhidi ya watu wenye asili ya Kasai. Mamia ya maelfu walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Shangazi yangu alikuwa Likasi. Alikuwa akituhadithia familia zilizolala kituo cha treni miezi na miezi zikingoja behewa la kwenda Kasai, mkoa ambao watoto wao hawakuwahi kuuona. Watoto wale walisema Kiswahili. Kasai hawakuwa na lugha ya kucheza na wenzao.

Shangazi alikuwa akisema pia kitu ambacho sikukipata kwenye ripoti yoyote: kwamba vijana waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba hawakuuliza vitambulisho. Walimwambia mtu aseme. Waliisikiliza herufi fulani, mwisho wa neno fulani. Na watu waliobaki, hasa hapa Lubumbashi ambako mambo hayakufika kiwango kile, walijifunza kulainisha ulimi wao. Nina mwenzangu chuoni ambaye mama yake alimkataza kusema Tshiluba, lugha ya Kasai, mbele ya dirisha. Mpaka leo akizungumza kwa simu huinuka kwenda katikati ya chumba.

Kumbukeni habari hiyo ya ulimi, maana simu itairudisha.

Kabla ya simu kulikuwa na foni. Vijana wa leo hawaijui, ingawa huko ndani ya nchi bado ipo. Ilikuwa redio ya masafa marefu, betri ya gari chini ya meza, waya umepandishwa juu ya mti, na mwendeshaji mwenye kipaza sauti mkononi. Ya mtaani kwetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, chenye benchi ukutani. Unafika, unaeleza unamtaka nani na yuko wapi. Mwendeshaji anaita kituo cha Kamina au Mwene-Ditu. Huko mtoto anatumwa kumtafuta mtu wako, na wewe unarudi kesho saa fulani. Zamu yako ikifika unasema mambo ya nyumbani kwako mbele ya benchi lote: deni, mimba, mgonjwa, mume aliyepotea. Haiwezekani wawili kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo unamaliza, unampa mwenzako nafasi, unasubiri.

Mwendeshaji wetu alikuwa mtu mwembamba asiyecheka. Hakuwa anapitisha maneno tu. Mtu akisema Kitshokwe na mwenzake upande wa pili hasikii vizuri, yeye alirudia kwa Kiswahili. Mtu akikasirika, alikipokea kipaza sauti na kulitoa neno kwa namna ambayo halingevunja ukoo. Msiba hakuutangaza hivihivi: alisema "mzee hajisikii vizuri, mnatakiwa nyumbani, njooni na wakubwa", na upande wa pili walielewa wakaanza kufunga mizigo. Benchi nalo lilikuwa na sheria zake. Uliyoyasikia ya jirani uliyasikia, lakini ukiyapeleka sokoni ulijulikana ni wewe, kwa sababu waliokuwa pale walikuwa wanahesabika.

Mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault, katika hotuba yake ya mwaka 1970 huko Paris, alisema kila jamii inausimamia usemi wake: inachagua nani aseme, nini kisemwe, kwa desturi gani. Watu husoma hayo na kuona gereza. Mimi nikisoma naona pia benchi lile. Udhibiti ulikuwepo, na ulikuwa na uso, na ungeweza kugombana nao. Mwanafalsafa Mjerumani Jürgen Habermas, kwa upande wake, alitaka mazungumzo ambamo kila mmoja ana nafasi sawa ya kusema na hoja bora ndiyo inayoshinda. Namheshimu sana. Lakini hakuna aliyekuwa sawa na mwingine kwenye foni, na kusikilizana kulitokea. Kulitokea kwa sababu kulikuwa na mtu wa katikati ambaye kazi yake ilikuwa hiyo, na tulimlipa.

Miaka ya mwanzo ya 2000 simu za mkononi zikaenea, foni ikafungwa, mwendeshaji akaenda kuuza vocha za simu chini ya mwavuli. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Hakuna aliyetaka kueleza mimba ya binti yake mbele ya benchi. Hakuna pia aliyeuliza ile kazi nyingine ya mwendeshaji, ya kulainisha na kufafanua, imekwenda wapi. Utafiti wangu wa miaka iliyofuata ulikuwa kuitafuta.

Kwanza ilibidi kujifunza kuuliza. Ukimwuliza mama wa soko la Kenya mtazamo wake kuhusu watu wa mataifa mengine, atakupa jibu la kanisani: sote ni watoto wa Mungu. Ni jibu zuri lisilokufundisha kitu. Tulipata masimulizi tulipobadilisha swali: "Mara ya mwisho ulipobidi kusema kama mtu mwingine ili mambo yaende, ilikuwa wapi, na nani?" Hapo watu walikaa vizuri. Muuza samaki alieleza jinsi anavyobadili Kibemba chake akiwa Kasumbalesa, mpakani, ili Wazambia wasimpandishie bei, na jinsi anavyokibadili tena kwa madereva wa malori wa Tanzania, anaowaona ni watu wa adabu nyingi na pesa zenye masharti. Fundi wa simu alisema ana sauti tatu. Mmoja akatuambia anachoka jioni, mdomo si miguu. Tuliandika kila kitu. Kwa mawazo yangu, uchovu huo ni data kuliko maoni yote ya "unaonaje".

Halafu zikaja jumbe za sauti. WhatsApp iliziongeza mwaka 2013, na kwa mji kama wetu zilikuwa mapinduzi makubwa kuliko maandishi. Watu wengi hapa huandika Kifaransa cha shule, au hawaandiki, lakini wote wanasema. Ghafla bibi asiyejua kusoma yumo katika kundi la familia pamoja na mjukuu aliye Ubelgiji, na anasema kwa sauti yake. Sitaki mtu anieleze kwamba hilo ni dogo.

Lakini sauti ina asili. Katika maandishi ya Kifaransa, mtoto wa Kasai na mtoto wa Katanga wanafanana. Katika sauti, sekunde mbili zinatosha. Kile ambacho vijana wa 1992 walilazimika kuja mlangoni kukisikia, sasa mtu anakituma mwenyewe, na kinaweza kufika kwa elfu asiowajua.

Kwa muda tulihesabu jumbe, kama wafanyavyo wengi: ngapi zina chuki, ngapi za amani. Kuhesabu kulileta majedwali mazuri na maarifa machache. Tukaanza badala yake kuufuata ujumbe mmoja kinyumenyume, kutoka simu hadi simu, kwa ruhusa ya wenyewe. Mmoja nitaueleza. Sauti ya mwanamke inaonya kuhusu wezi wa usiku, na katikati anasema wanaongea "kama watu wa kule". Tulipoupata ulikuwa umezunguka Katuba, Ruashi na Kampemba, na kila ulipofika "kule" palikuwa mahali pengine, kwa kawaida Kasai. Tuliurudisha hatua kwa hatua hadi kwenye kundi la mtaa mmoja la kushughulikia maji na ulinzi. Pale chanzoni ulikuwa jibu. Jirani aliuliza kama wezi walikuwa wale vijana wa mtaa wa pili, na mwanamke yule alijibu kwamba hapana, si wa kwetu, wanaongea kama watu wa kule, akimaanisha ng'ambo ya barabara. Swali lilibaki nyuma. Jibu likasafiri peke yake.

Tangu hapo nawaambia wanafunzi wasianze na ujumbe. Waanze na kidole kilichoutoa kwenye mazungumzo yake na kuupeleka kwingine. Mwenye sauti aliongea na jirani, na aliyeusambaza ndiye aliyeongea na mji.

Na mwendeshaji wa foni? Tulimkuta katika kundi lilelile. Msimamizi wa kundi ni mama anayeuza mikate alfajiri. Usiku, watoto wakilala, anasikiliza sauti zote za siku, moja baada ya nyingine, kwa mega za intaneti anazonunua mwenyewe. Akisikia neno lenye moto hafuti kwanza. Anampigia aliyesema, anampigia aliyesemwa, na mara nyingine anawaita wote kwake uani kabla ya mikate kuingia tanurini. Anajua nani akisema Kifaransa amekasirika na nani akisema Kifaransa anajivuna tu. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akaniambia alizaa watoto saba. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kikazi kabisa, kwamba mega zimepanda bei na katika kundi hakuna anayechangia.

Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima, na haikurudi hadi karibu na tarehe 20 Januari. Waliokuwa karibu na Kasumbalesa walipanda mahali penye mawimbi ya Zambia na kadi za Zambia. Waliobaki mjini walirudi kusimama, pale Posta na kwenye vituo vya basi, kugombania habari kwa mdomo. Kukata mawasiliano ya watu milioni themanini ni dhuluma, na wagonjwa na wafanyabiashara waliilipia. Uvumi haukupungua hata kidogo. Ila kwa wiki zile kila uvumi ulikuwa na mtu wake amesimama mbele yako, na ungeweza kumwuliza aliupata wapi. Watu waliulizana sana. Mama wa mikate alilala mapema.

Sasa majina. Ulrich Beck, mwanasosholojia wa Ujerumani, alituonya sisi wanasosholojia juu ya tabia ya kuiona jamii kana kwamba ni boksi la dola moja, lenye mipaka, na kilicho nje ni mambo ya nje. Onyo sahihi, na mji wetu ungemthibitishia kila asubuhi. Lakini usemi wa taaluma yetu una mipaka yake ambayo Beck hakuisisitiza. Mimi huhojiwa kutoka nje karibu kila mara kuhusu kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka huku kwetu, na ni haki watu waulize betri ya simu zao imepitia mikono ya nani. Hata hivyo nimechoka kuwa mahali ambapo simu inaanzia. Watu wa Lubumbashi wana simu. Wanaziongelea, wanazigombania, wanazitumia kwa akili. Katika maandiko mengi kuhusu teknolojia sisi tumo kama udongo.

Na mimi mwenyewe naendesha shughuli yangu kwa namna ileile. Mahojiano ni ya Kiswahili, makala ni ya Kifaransa, na katikati yao wako vijana wanaokaa na vipokea sauti masikioni hadi usiku, wakiandika neno kwa neno, wakijua kwamba kimya cha pale ni hasira na kicheko cha hapa ni woga. Bila wao hakuna makala. Kwa desturi yetu wanashukuriwa kwa pamoja katika mstari mmoja chini ya ukurasa. Siku hizi majina yao naweka juu, kama waandishi. Wahariri wawili walinihoji kama kweli walichangia hoja. Niliwajibu kwamba hoja ni yao, mimi nilileta wanafalsafa.

Nimemaliza karibu yote isipokuwa habari ya depo.

Iko Kampemba, ya mfanyabiashara wa Kichina anayeuza vigae na mabomba. Hana Kifaransa wala Kiswahili. Ana simu. Anaiambia jambo kwa Kichina, simu inalisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni kile tunachokiita hapa Kiswahili bora, cha shule na cha masomo ya kanisani: "Tafadhali pangeni bidhaa hizi kwa uangalifu." Siku za kwanza wapagazi walicheka mpaka wakaweka mizigo chini. Walisema ni kama askofu amekuja kupakua vigae. Kisha ikawa shida, kwa sababu simu haikuwasikia wao. Mpagazi akisema kwa Kiswahili cha mtaani kwamba "bintu biko na mayi", kwamba mzigo umelowa, simu ilimpa Mchina kitu kisichoeleweka, naye akapandwa na hasira.

Aliyeokoa kazi ni kijana mmoja msomaji wa Biblia parokiani kwao. Akawa anasimama karibu na simu, anawasikiliza wenzake, kisha anaiambia kwa matamshi ya mimbarini: "Mzigo huu umelowa maji, hatuwezi kuupanga chini." Simu ikaelewa, Mchina akaelewa, kazi ikaenda. Wenzake wakamwita Redio. Nilikaa pale siku nyingi na daftari langu. Watu watokao mbali huja kuona maajabu ya mashine inayounganisha mataifa, nami niliona mashine moja na wanaume sita walioihudumia, mmoja akiisemea na watano wakijifunza kukatakata sentensi zao ili yule mmoja azipate haraka. Simu haikusogea hata hatua moja kuwafuata. Wao ndio waliotembea njia yote.

Redio si mjinga. Aliomba nyongeza. Ilibidi aiombe kupitia simu ileile, na kwa Kiswahili bora. Mwenye depo alicheka, akaijibu simu, nayo ikasema kwa ule upole wake: "Kifaa kinatafsiri, kwa nini nikulipe wewe?" Redio hakubishana. Kesho yake alikwenda kazini na kusema kama alivyozaliwa, Kiswahili cha Ruashi kavu. Saa sita mchana lori la pili lilikuwa bado limejaa, vigae vya choo vimepangwa na mabomba, na dereva anapiga honi.

Wakaelewana: chakula cha mchana na kiasi cha faranga kila siku, juu ya ujira wa kawaida. Tatizo lililobaki ni la ndani. Wale watano wanasema nao wamebadili midomo yao kwa ajili ya kazi hiyo, kwa hiyo posho ni ya kikundi. Redio anasema wao hawajawahi kusimama mimbarini. Mara ya mwisho nilipopita walikuwa wamesimama nyuma ya lori wakigombana kwa sauti, na mwenye depo amewaelekezea simu akitaka kujua kuna nini. Redio alikataa kuiambia neno lolote mpaka wakubaliane bei.